Anasahau jina la mtoto wake lakini hajasahau ngoma: wazee wetu, ugonjwa wa kusahau na kazi ya kanisa

Karibu kila kusanyiko letu la mashariki lina mtu kama huyu. Ni mama mzee aliyeimba katika kwaya tangu ujana wake, au baba aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Sasa anauliza neno moja mara kumi katika asubuhi moja. Anaamka usiku kwenda kutafuta ng'ombe walioisha kuuzwa zamani. Binti yake akiingia nyumbani, anamwuliza yeye ni nani. Siku ya Mungu wanamleta kanisani, anakaa kimya kama mtu asiyekuwepo. Kisha kwaya inaanza wimbo wa zamani, ngoma inalia, na mguu wake unaanza kupiga chini. Mabega yanafuata. Anasimama na kuimba beti zote bila kitabu, mwili wote ukiyumba kama zamani.

Watu wanatazamana. Huyu aliyesahau jina la mtoto wake amekumbukaje wimbo mzima?

Jibu tunalolitoa kwa swali hilo ni jambo kubwa. Wengine husema mzee anajifanya, kumbe akili anazo. Wengine wananong'ona kwamba mtu anayetembea usiku, anayesema na wafu na asiyemjua mtoto wake, huyo ana mambo yake ya giza. Katika nchi yetu jibu hilo la pili limeua watu. Ndiyo sababu tumeona vema kuandika juu ya ugonjwa huu, na juu ya njia moja ya kuwasaidia wazee ambayo tunayo tayari mikononi na miguuni mwetu: kucheza.

Ugonjwa, si laana

Wanganga huuita ugonjwa huu demensia. Si jina la ugonjwa mmoja tu. Ni jina la hali ambayo ubongo unaharibika kidogo kidogo, na mtu anapoteza kumbukumbu, lugha, uwezo wa kupanga mambo, na mwishowe hata uwezo wa kula na kuvaa mwenyewe. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoleta sehemu kubwa ya hali hiyo, karibu wagonjwa 60 mpaka 70 katika kila 100. Wengine huupata kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo imeharibika, mara nyingi kwa ajili ya tansio ya damu iliyopanda miaka mingi bila matunzo.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na hali hiyo, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zenye mapato madogo na ya kati. Kila mwaka wanaongezeka karibu milioni 10. Basi tusiseme kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi uliofanyika miaka ya 2008 na 2009 katika miji miwili ya jirani zetu ulionyesha kwamba kati ya watu wenye miaka 65 na zaidi, karibu 8 katika kila 100 walikuwa nao kule Bangui, na karibu 7 katika kila 100 kule Brazzaville. Ukiwa na wazee mia katika kusanyiko lako, fanya hesabu mwenyewe.

Tena, OMS inasema wazi kwamba hali hii si sehemu ya kawaida ya uzee. Wazee wengi husahau mahali walipoweka miwani, lakini hawapotezi njia ya nyumbani kwao. Tunaposema "ni uzee tu," tunamnyima mtu matunzo. Tunaposema "ni uchawi," tunamnyima ulinzi.

Kwa nini tunasema sasa

Kuna sababu tatu.

Ya kwanza ni vita. Kabla ya mwaka 2025, watu waliohama makao yao katika Kongo walikuwa wamekwisha kufika karibu milioni 7, wengi wao hapa mashariki. Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025 mapigano yaliingia Goma, na mwezi wa 2 yakafika Bukavu. Kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na watu wakabeba tena mizigo yao. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, nyumba ile ile, njia ile ile ya kisimani, na mti ule ule wa uani ni kama fimbo ya kipofu. Ukimwondoa pale, anaanguka. Jamaa nyingi zimetuambia jambo hilo kwa maneno yao: "Koko alikuwa sawa kijijini, tulipofika mjini ndipo akapotea." Mara nyingi ugonjwa ulikuwa umeanza tayari, lakini kijiji kilikuwa kinaufunika.

Ya pili ni mashitaka ya uchawi. Mwaka 2021, katika Kivu Kusini, wanawake wazee waliuawa na umati wa watu, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya kushitakiwa kwamba ni wachawi. Katika mambo hayo yalitajwa pia majina ya watu wanaojiita manabii, wanaodai kwamba wanaweza kumtambua mchawi. Hatuwezi kusema kwamba kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa wa demensia. Lakini tazameni alama ambazo watu huzitafuta: mama mzee, mjane, anayesema peke yake, anayetangatanga usiku, anayewashitaki jirani zake kwamba wamemwibia, anayekasirika ghafula. Hizo ndizo alama ambazo munganga anazisoma kama ugonjwa wa ubongo.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi. Mzee naye anahitaji ulinzi wa namna hiyo. Umoja wa Afrika umeliona jambo hilo: Itifaki yake juu ya haki za wazee, iliyokubaliwa mwaka 2016, ilianza kuwa na nguvu mwezi wa 11 mwaka 2024, nayo inataja kwa jina mashitaka ya uchawi kama desturi mbaya ya kuondolewa. Karatasi hiyo ni njema, lakini Addis Ababa ni mbali na kitongoji. Anayekaa karibu na mlango wa mama yule ni mchungaji, shemasi, na wamama wa kanisa.

Ya tatu ni kwamba wanganga wa magonjwa ya akili na ya ubongo ni wachache sana kwetu. Kinshasa wana kituo chao kikubwa, CNPP, na Bukavu kuna kituo cha SOSAME. Lakini mtu wa Shabunda, wa Fizi au wa Lubero atafika huko kwa njia gani, na kwa pesa zipi? Dawa ya kuponya Alzheimer haipo duniani kote. Kwa hiyo kazi kubwa ni matunzo ya kila siku, na matunzo hayo yanafanyika nyumbani.

Kucheza kunafanya nini?

Tuseme kweli, tusiongeze chumvi. Mwaka 2003 wanganga wa New York, katika mtaa wa Bronx, walitangaza uchunguzi wa wazee 469 wenye zaidi ya miaka 75, ambao walifuatwa kwa miaka mingi. Katika kazi zote za mwili walizozichunguza, kucheza dansi peke yake ndiko kulikofuatana na hatari ndogo zaidi ya kupata demensia. Ni habari njema, lakini tuisome kwa akili: inawezekana pia kwamba mtu ambaye ubongo wake umeanza kuharibika anaacha kucheza mapema, kabla watu hawajatambua. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezi kukata neno peke yake.

Mwaka 2017, kule Magdeburg katika Ujerumani, watafiti waliwagawanya wazee wenye afya katika vikundi viwili. Kimoja kilifanya mazoezi ya kawaida, kingine kilijifunza dansi ambazo hatua zake zilibadilika kila mara. Baada ya mwaka mmoja na nusu, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikuwa imeongezeka katika vikundi vyote viwili, lakini waliocheza dansi ndio waliopata nguvu zaidi ya kusimama bila kuyumba. Kwa mzee, jambo hilo si dogo. Kuanguka na kuvunja nyonga ndiyo njia ambayo wazee wengi huingia kitandani wasiinuke tena.

Na kwa wale walio wagonjwa tayari? Hapa ushahidi ni mwembamba. Mwaka huo wa 2017, wataalamu wa Cochrane, wanaopima tafiti za matibabu, walitafuta majaribio mazuri juu ya tiba ya kucheza kwa wenye demensia, na hawakupata hata moja lililotimiza masharti yao. Juu ya muziki wamepata zaidi: vipindi vya muziki huenda vinapunguza huzuni na mahangaiko ya wagonjwa, ingawa havirudishi kumbukumbu.

Basi mtu asisimame mbele ya kanisa akatangaza kwamba ngoma inaponya ugonjwa wa kusahau. Haiponyi. Mama yule atarudi nyumbani, na jioni atauliza tena yuko wapi. Lakini kwa nusu saa hakuwa na hofu. Alikuwa mtu kati ya watu, na binti yake alimwona tena mama aliyemjua. Katika ugonjwa usio na dawa, nusu saa hiyo ina thamani.

Kwa nini mwili unakumbuka

Ubongo hauweki mambo yote katika ghala moja. Habari za jana, jina la mgeni, mahali pa ufunguo, hizo hupitia sehemu ndogo ndani ya ubongo ambayo Alzheimer huishambulia mapema. Lakini namna ya kutwanga, kulima, kuendesha kinga, kupiga ngoma na kucheza imehifadhiwa kwingine, mahali ambapo ugonjwa huchelewa kufika. Mama aliyetwanga miaka 50 hafikiri tena juu ya mchi. Mikono yake inajua. Ndivyo ilivyo kwa nyimbo pia. Zile tulizojifunza kati ya miaka 10 na 30 hushika mizizi kuliko nyingine.

Fikirini basi juu ya mzee mwenye miaka 75 au 80. Alikuwa mtoto au kijana wakati wa uhuru, mwaka 1960. Aliimba nyimbo za shule ya misioni, alisikia rumba ya Kinshasa katika redio, alicheza ngoma za arusi za kwao, kwa Wanande, Washi, Wahunde, Warega au Wabembe. Nyimbo mpya za kwaya ya vijana, hata zikiwa nzuri namna gani, hazina mlango kwake. Anayetaka kumfikia lazima atafute wimbo wa ujana wake, na auimbe kwa mwendo wake.

Lakini kanisani tunacheza?

Tunajua kwamba neno hili linawagawanya ndugu. Jumuiya zetu si zote za namna moja. Wamisionari wengi walikataza ngoma, wakiiona kuwa mali ya mizimu, na wazazi wetu walioongoka waliacha ngoma kama alama ya maisha mapya. Hatutaki kuwacheka. Waliacha kitu kilichokuwa na gharama kwao. Katika makanisa fulani mpaka leo, mtu akiyumbisha mabega anatazamwa kwa jicho la pembeni. Katika mengine, hakuna sadaka inayopelekwa mbele bila wamama kucheza.

Hata hivyo, Maandiko hayatufungi mlango. Daudi alicheza mbele ya Sanduku kwa nguvu zake zote, na aliyemdharau kwa ajili hiyo hakusifiwa. Zaburi mbili za mwisho zinaitaja ngoma na kucheza kati ya sifa za Mungu. Kuna pia habari ya Barzilai katika 2 Samweli 19. Alikuwa na miaka 80, na alimwambia mfalme kwamba ladha ya chakula imemwisha, na sauti za waimbaji haziingii tena masikioni mwake. Mfalme hakumlazimisha wala hakumcheka. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi kwao kwa heshima. Tunaona hapo kwamba Biblia inaujua uzee kama ulivyo, na kwamba heshima ya mzee haitegemei akili au nguvu zilizobaki.

Jumuiya ambayo haichezi katika ibada haina haja ya kubadilisha ibada yake. Kipindi cha wazee kinaweza kufanyika siku ya kazi, uani, au nyumbani kwa mgonjwa. Kupiga makofi na kutikisa mikono ukikaa katika kiti ni kucheza pia, na mwili wa mzee haubishani juu ya jina.

Namna ya kuanza

Hakuna haja ya mradi wala ya mfadhili. Kusanyiko linaweza kuanza na mambo haya.

Kwanza, mashemasi waandike majina ya wazee ambao hawaji tena kanisani, na waulize kwa upole sababu. Wengi wamefichwa ndani kwa haya. Kabla ya kumwingiza mtu katika kipindi, apelekwe kituo cha afya. Kuna mambo yanayofanana na demensia ambayo yanatibika: malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, upungufu wa damu, sukari, huzuni kubwa, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, hata dawa zilizochanganywa vibaya. Mzee aliyechanganyikiwa ghafula, ndani ya siku moja au mbili, asingojee kipindi cha maombi. Apelekwe siku ile ile.

Pili, chagueni asubuhi, kwa sababu wengi huchanganyikiwa zaidi jua linapoanza kushuka. Siku moja, saa moja, mahali pamoja kila juma. Nusu saa inatosha. Viti vipangwe kwa mviringo, sakafu isiwe na maji wala mikeka inayoteleza, na kila mgonjwa awe na mtu wake wa kumshika mkono. Ngoma moja na kayamba moja zinatosha. Vipaza sauti vikubwa vinatisha.

Tatu, tuwe waangalifu na majeraha. Wazee wetu wamepita vita zaidi ya moja. Pigo la ghafula la ngoma linaweza kurudisha mlio wa risasi, na wimbo ulioimbwa kwenye mazishi ya watoto wake unaweza kumfungulia mtu kilio kisicho na mwisho. Ulizeni jamaa mapema. Mzee akilia au akikataa, msimvute. Kaeni naye.

Nne, msimsahihishe. Akikosa hatua, mfuateni ninyi. Akikuita kwa jina la ndugu yake aliyekufa, itika. Na vijana, tafadhali, simu zikae mfukoni. Koko anayecheza si kichekesho cha WhatsApp. Hakukupa ruhusa, na hawezi tena kuitoa.

Tano, watunzeni wanaotunza. Karibu kila mara ni mwanamke: binti, mkaza mwana, mjukuu aliyeacha masomo. Halali usiku, hawezi kwenda shambani wala sokoni, na jirani wanamsema. Kipindi cha wazee kikimpa saa mbili za kupumzika kila juma, hata kama mgonjwa hakucheza, kazi imefanyika.

Neno kwa wachungaji

Tunamaliza na jambo gumu. Si mashitaka yote yanayoanzia nje ya kanisa. Kuna mimbari ambazo zimetumika kutafuta mchawi katika jamaa. Kuna wazee waliofungishwa njaa kwa siku nyingi, waliopigwa ili pepo atoke, walioambiwa watupe dawa za tansio ili waonyeshe imani. Kila mara jambo hilo lilifanyika kwa jina la Yesu, na tunalisema kwa huzuni kwa kuwa ni letu.

Tunaamini maombi. Tunaombea wagonjwa, na tutaendelea. Lakini maombi hayana haja ya kumtafutia mgonjwa kosa. Mchungaji anayesimama Siku ya Mungu na kusema wazi, "Mama huyu ni mgonjwa, ubongo wake umechoka, yeyote anayemwita mchawi anatukosea sisi sote," anaweza kuokoa maisha siku hiyo kuliko kamati nyingi. Na akimshika mkono mbele ya watu, ngoma ikilia, na kucheza naye hatua mbili, watu hawatahitaji mahubiri marefu.

Tarehe 21 mwezi wa 9 dunia inakumbuka wagonjwa wa Alzheimer, na tarehe 1 mwezi wa 10 ni siku ya wazee. Kati ya tarehe hizo mbili kuna Siku ya Mungu moja au zaidi. Tunaomba kila kusanyiko lichague moja, liwatafute wazee wake waliofichwa, liwakalishe viti vya mbele, na kwaya iimbe wimbo mmoja wa zamani, polepole, mpaka miguu yao ijibu.